Stormtrooper mmoja, bei nne: ununue yupi ukiwa Kampala

Ukianza tu kukusanya figa za Star Wars, yaani vile visanamu vya plastiki vya wahusika wa filamu hizo, hapa kwetu swali hili linakufikia mapema. Kwa nini askari mmoja mweupe, sura hana, jina hana, anauzwa elfu ishirini thelathini kwenye arkedi za mjini, yale majengo ya vijiduka, ukimwagiza mwenyewe kutoka nje anakugonga kama laki mbili, yule wa Japani anapanda juu zaidi, af kuna mmoja wa zamani mdogo tu ambaye akiwa bado kwenye kadi yake, ile kadibodi aliyouziwa nayo dukani, wazungu wanamnunua mamilioni ya shilingi na hata shingo haigeuki? Wote ni Stormtrooper, yule askari wa kawaida wa upande wa wabaya. Basi leo nawaweka upande kwa upande, na nasema mapema nasimama wapi: kama unakaa Uganda na unanunua ili ukae na kitu chako, pesa iende kwenye mwili wa figa, yaani jointi, plastiki na rangi. Boksi lije baadaye au lisije kabisa. Najua kuna watu wananikatalia hapo, hasa wale wa kuangalia video za Marekani usiku kucha, tutafika huko.

Stormtrooper nimemchagua makusudi. Ukichukua figa ya Luke au Leia watu wanaishia kubishana kama sura inafanana na mwigizaji au haifanani, ubishi hauishi. Huyu ana helmeti tu, kwa hiyo kinachobaki ni kazi ya kiwanda. Na ni mweupe, weupe hauna pa kuficha kitu: rangi ikitoka nje ya mstari unaiona, plastiki ikianza kuzeeka unaiona, hili vumbi letu jekundu likiingia kwenye kiwiko unaliona toka mlangoni.

Washindani ni hawa. Kuna Black Series ya Hasbro, kampuni ya Marekani, laini iliyoanza 2013, kimo inchi 6 yaani kama sentimita 15, ilianza kwa dola 20 hivi na sasa ni 25 kupanda. Kuna S.H.Figuarts ya Bandai wa Japani, watu wanaandika SHF tu, kimo ni kile kile, laini yenyewe ni ya 2008 lakini Star Wars waliingia 2015 na Stormtrooper alikuwa kati ya wa kwanza. Kuna Kenner, huyo ndo mzee wao, alitoka 1978 kwenye lile kundi la figa 12 za mwanzo, inchi 3 na robo tatu, haifiki hata sentimita 10. Halafu kuna feki. Hot Toys wa Hong Kong naye yupo, sentimita 30 hivi, ila huyo bei yake ni ya ng'ombe kwa hiyo asubiri mwisho.

Nianze na Black Series na SHF kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanakwama kweli, vimo sawa, mhusika yule yule, ila SHF unaweza kumlipia mara mbili au zaidi ya mwenzake.

Mtihani wangu ni mmoja, mpe bunduki aishike kwa mikono miwili kifuani. SHF anaishika. Bega lake linavutika nje kidogo kwenye soketi, linazunguka mbele, tumbo limekatwa vipande viwili kwa hiyo anaweza kujikunja, kiwiko kinapinda karibu mpaka mwisho, mkono wa kushoto unafika pale chini ya mtutu bila kulazimisha. Ukimpigisha goti anapiga goti, ukimsimamisha kwa mguu mmoja na ukapata uzani wake vizuri anasimama, stendi hakuna. Black Series ya matoleo ya kwanza ukimfanyia hivyo mkono unagongana na deraya, yaani lile gamba la vita la kifua, na bunduki inaishia pembeni ya mbavu, mkono wa pili unaning'inia tu hewani haujui uende wapi, nyonga nazo zinakataa mapema. Matoleo ya karibuni yamerekebishwa sana, ukweli lazima usemwe, kwa hiyo ukiona mtu anauza Black Series Stormtrooper muulize ni toleo gani na mwambie akupigie picha akiwa amepiga goti. Picha hiyo moja itakueleza kuliko maelezo yake yote.

Sasa rangi. Shika helmeti karibu na dirisha, sio chini ya balbu, angalia mashavuni. Kule kuna vimistari vidogo vya bluu, vyembamba kabisa. Kwa SHF vimechapwa, vimenyooka, kila kimoja na nafasi yake. Kwa Black Series inategemea bahati, mmoja amenyooka safi, mwenzake wa boksi lile lile la duka vimistari vimepanda juu ya mkunjo wa plastiki kana kwamba aliyevichapa alikuwa anapiga chafya. Huko nje mtu anaenda dukani anachagua mwenye uso safi kati ya sita waliopangwa kwenye rafu, sisi tunaagiza na tunapokea tulichopewa. Hiyo tofauti haiandikwi kwenye bei lakini ipo. Ndo maana mi naona hata ukiwa na pesa ya Black Series tu, afadhali kununua kwa mtu anayekutumia picha ya kile kile atakachokutumia na sio picha ya katalogi.

Plastiki ni hadithi ingine na hapa Black Series anajitetea. SHF deraya zake ni ngumu na nyembamba, zinapendeza, kingo zimekatika vizuri, ila akianguka toka kabatini kwenye sakafu ya taili unasikia ule mlio na moyo unakimbia. Anakuja pia na mikono ya kubadilisha, viganja vya kushika, vya ngumi, vya kuelekeza kidole, na kila kiganja kinaingia kwenye kipini chembamba sana. Kipini kikikatika hapa Uganda hakuna duka la spea. Black Series plastiki yake ina ulaini kidogo, akianguka anaruka unamwokota maisha yanaendelea. Ulaini huo huo ndo unafanya bunduki yake ije imepinda toka kiwandani, hiyo usilie, chovya kwenye maji ya moto sekunde kadhaa, nyoosha, tia kwenye maji baridi, kwisha. Jointi inayokataa kugeuka nayo ni hivyo hivyo, ipashe moto kwanza, usiibane kwa nguvu ikiwa baridi maana hapo ndipo pini inakatikia ndani.

Kwa hiyo kati ya hao wawili? Kama unataka Stormtrooper mmoja wa kukaa mezani umbadilishe pozi kila siku na nyumbani hakuna mtoto wa miaka minne, SHF, lipa ile pesa. Kama unataka kikosi, watatu wanne nyuma ya Vader mkubwa wao, nunua Black Series, maana kwenye kikosi hakuna atakayeangalia shavu la wa nyuma. Kwa mtu wa kwanza kabisa anayejaribu tu kama hii hobi itamshika, Black Series tena.

Feki. Haya, tuongee ukweli, wengi wetu tulianzia hapo, na ukipita Kikuubo, lile soko la jumla la Kampala, au zile arkedi utamsikia muuzaji, boss hii orijino kabisa imetoka Dubai. Kutoka Dubai sio ubora, Dubai ni njia tu. Na "Made in China" peke yake sio dalili ya feki, hizi orijino zenyewe zinatengenezwa China na Vietnam, kwa hiyo anayekukatalia figa kwa sababu imeandikwa China hajui anachokitafuta. Dalili ni zingine. Fungua boksi unuse, harufu kali ya kemikali inayokaa puani ni onyo la kwanza. Pitisha ukucha pembeni ya paja na ubavuni, utakuta mstari wa moldi, yaani kalibu ya kiwandani, ambao haukusafishwa, umeinuka. Angalia maandishi madogo chini ya nyayo au nyuma ya mguu, kwa Hasbro utakuta jina la kampuni, alama ya hakimiliki na tarakimu ndogo zilizogongwa, kwenye feki yamefutika kama yaliyopigwa muhuri na wino umekwisha, au hakuna kitu kabisa. Mfanye asimame. Feki akisimama dakika tano anaanza kuinama taratibu kwa sababu kifundo cha mguu hakibani. Boksi usiliamini sana, kuchapa kitu cha kufanana na kitu kingine ni kazi ambayo mji huu unaijua vizuri, mnaoijua Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji, mmenielewa.

Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na feki zinatembezwa kweli kweli, mpaka kwenye foleni ya magari. Sisemi ni dhambi kuinunua. Mtu anayejifunza kupaka rangi figa afadhali aharibu ya elfu ishirini kuliko ya laki mbili, hiyo ni matumizi halali kabisa. Ila mtoto mdogo ambaye bado anatia kila kitu mdomoni usimpe, hujui rangi ile ina nini ndani na plastiki ililainishwa na nini. Na bei ya kuuza tena ni sifuri, hilo uliweke kichwani siku unaponunua.

Sasa mzee Kenner. Huyu watu wanamnunua kwa macho ya historia na ni sawa, bila yeye hawa wengine wasingekuwepo, lakini ukimpima kama figa ni kijiti: mikono miwili, miguu miwili, basi, kichwa kimeungana na mwili. Hakuna jointi ya kupima kwa hiyo unapima hali yake, na hali yake ni rangi ya plastiki. Stormtrooper wa 1978 wengi wamegeuka njano. Jua, joto na hewa ya miaka mingi vinaila plastiki nyeupe na inakuwa rangi ya jino la mvuta sigara. Mweupe halisi wa umri ule ni ghali, na kwa sababu ni ghali wajanja wamejua kumrudisha. Wanampaka hidrojeni peroksaidi, ile ile inayouzwa kwa watu wa saluni ya kubadilishia nywele rangi, wanamwanika juani, anatoka mweupe pee. Tatizo ni kwamba unjano una tabia ya kurudi, plastiki inaweza kubaki na mabaka ya chaki, na wakusanyaji wa serious wakijua wanashusha bei au wanakataa kabisa.

Utamjuaje? Inua mkono wake uangalie kwapani. Hapo ndipo jua halijafika. Kwa figa ya kawaida iliyozeeka, kwapa ni jeupe na nje kuna unjano kidogo, hiyo ni ya kweli hata kama haipendezi. Ukikuta nje kunang'aa weupe na kwapa ndo limebaki na uchafu wa njano, jua kuna mtu amemfulia. Angalia na mistari myeusi ya usoni, kwa aliyefuliwa huwa imefifia kwenda kijivu. Af mgeuze, nyuma ya mguu kuna maandishi madogo, G.M.F.G.I. 1977, hao ni General Mills Fun Group, ndio walikuwa wenye Kenner wakati ule, naam, wale wale General Mills wa nafaka za chai ya asubuhi, na nyingi zina Hong Kong chini yake. Bunduki yake nyeusi ni kidude kidogo ambacho watoto wa 1978 walikipoteza wiki ya kwanza, ndo maana kopi za bunduki zimejaa sokoni. Figa yenye bunduki ya kopi ilipiwe kama figa isiyo na bunduki.

Je umnunue? Kwa bei ya figa iliyotoka kwenye kadi, wa njano kidogo, na bunduki yake, mi nasema ndiyo kama unaipenda historia. Aliyebaki kwenye kadi, hasa ile kadi ya mwanzo yenye picha za figa 12 nyuma, hapana, na sababu yake ndo ile niliyoahidi kuifikia.

Boksi. Huko Marekani boksi au kadi iliyofungwa inaweza kuwa zaidi ya nusu ya thamani. Kuna kampuni kama AFA wanaichukua figa yako, wanaifunga ndani ya akriliki na kuipa alama mpaka 100, ikipata 85 watu wanaiheshimu, ikipanda juu ya hapo bei inaruka. Nzuri sana, kwa mtu anayekaa kule. Wewe wa Kampala ili uivune hiyo thamani inabidi uirudishe kule, yaani nauli ya kuleta, kodi ya kuleta, nauli ya kurudisha na bima juu, na mnunuzi atakata bei kona ya boksi ikiwa imebonyea, na kona ya boksi itabonyea, banange, mmeona mizigo inavyoshushwa. Hapa nyumbani nani atakulipa ziada ya laki tano kwa sababu kadibodi haijafunguliwa? Soko hilo hapa ni watu wachache sana na wote mnajuana.

Halafu kuna hewa yetu. Msimu wa mvua kadibodi inanyonya unyevu, inajikunja, gundi ya kile kibuyu cha plastiki cha mbele inaachia yenyewe bila mtu kuigusa. Mende wanakula gundi. Mchwa hata sitaji. Na wale wanaosema figa iliyofungwa iko salama zaidi, si lazima, PVC ikikaa kwenye nafasi isiyopitisha hewa na joto la chini ya mabati, mafuta yaliyotumika kuilainisha yanatoka taratibu na kukaa juu, siku unafungua unakuta figa inanata kama imemwagiwa soda. Iliyo nje inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, inakauka, inarudi kabatini. Ya ndani ya boksi inanata na wewe hujui. Hata Hasbro wenyewe walicheza na boksi, mwishoni mwa 2022 walianza kutoa yasiyo na dirisha la plastiki, watu wakalalamika hawaoni wanachonunua na kwamba kuna wanaoiba figa na kurudisha boksi na takataka ndani, 2023 wakatangaza dirisha linarudi. Kwa hiyo ukiagiza Black Series ya kipindi kile na imefungwa, mwombe muuzaji afungue apige picha. Akikwambia akifungua thamani itashuka, mwambie ishuke tu, na bei ishuke nayo.

Bei ya kufika nyumbani watu wanaisahau, wanaona dola 25 wanazidisha kwa 3,600 wanafurahi. Tuseme figa ni dola 25 na fungu lake la usafiri ni dola 12, hiyo ni 37. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa kama hizi ni 25%, unafika 46 na senti, juu yake VAT 18% unafika karibu 55, na bado kuna vitozo vidogo vidogo. Hiyo ni laki mbili kasoro kidogo kwa figa ya dola 25. Watu wa kago wengi wanakupigia kila kitu kwa kilo, hapo uliza kabla, uliza pia kama wanapima uzito wa kawaida au wa ukubwa wa boksi, maana figa ni nyepesi ila boksi ni kubwa na nusu yake ni hewa. Hapo tena boksi linakula pesa yako. Nawajua wanaomwomba muuzaji amtoe figa, amfunge kwenye bubble wrap, ile plastiki ya mapovu, na kukunja boksi likiwa bapa pembeni, nauli inapungua na boksi unalo kama unalitaka. Kwa kuagiza wengi tafuteni wenzenu, figa nne kwenye mzigo mmoja ni nafuu kuliko mzigo mmoja mmoja, na kwa SHF hesabu hii inapendeza zaidi maana boksi lake ni dogo.

Kwa wanaokaa Arua, Gulu au popote jua linapopiga kuliko hapa, mweupe yeyote muweke mbali na dirisha, ukuta usiopata jua la mchana, na kama ni Kenner basi ndani ya kabati lenye mlango.

Hot Toys sasa. Ni kitu kizuri, sitadanganya, nguo nyeusi ya kitambaa ndani na deraya zimevalishwa juu yake kipande kwa kipande, ukimshika mkononi unaona wengine wote ni vitoi. Ni zaidi ya dola 200 kabla ya hesabu ya juu, ukimaliza kodi na nauli ya boksi lile unaongelea milioni na kitu. Stormtrooper ana afadhali kwa sababu hana ngozi bandia nyingi, maana wahusika wa jaketi za ngozi bandia kwenye unyevu wetu baada ya miaka kadhaa jaketi linaanza kuchubuka na kudondoka magamba na hakuna dawa. Kama pesa hiyo unayo, kwanza nunua kabati la vioo lenye mlango unaofunga vizuri, lijaze SHF wawili watatu ulione kwa mwaka mzima linavyopitisha vumbi, ndo uagize huyo mkubwa.